Misuli ya jicho isiyofuata kitabu: namna ya kuitafuta, kuipima na kuiandika

Kitabu cha anatomia kitakuambia kuwa kila jicho linaendeshwa na misuli sita, na kwamba wa saba hunyanyua kope la juu. Kwa watu wengi ndivyo ilivyo. Lakini ukichambua macho ya kutosha utakutana na kano iliyogawanyika mara mbili, au uzi wa msuli usiokuwamo kwenye mchoro wowote, au nafasi tupu mahali ambapo msuli ulipaswa kuwapo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa udaktari, mkufunzi wa maabara ya anatomia na tabibu wa macho anayetaka kuzitambua tofauti hizo bila kujidanganya. Nasema bila kujidanganya kwa sababu nyingi ya tofauti zinazoshangiliwa mezani zimetengenezwa na kibano dakika chache kabla ya kushangiliwa.

Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zilizomo humu zinautumikia: jina la msuli haliamuliwi na mahali ulipolala wala na umbo lake, linaamuliwa na neva inayouendesha. Kwa hiyo kazi nzima ipangwe kwa namna ambayo neva zinabaki nzima hadi mwisho. Ukikata neva mapema utabaki na kipande cha nyama kisicho na ukoo.

1. Ishike ramani ya kawaida kichwani

Misuli minyoofu ni minne: wa juu, wa chini, wa ndani ulio upande wa pua, na wa nje ulio upande wa sikio. Yote huanzia nyuma kabisa ya tundu la jicho, kwenye pete ya kano inayozunguka mlango wa neva ya kuona. Hiyo ndiyo pete ya Zinn, iliyopewa jina la Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1755 maelezo ya kina ya anatomia ya jicho la binadamu. Kila msuli mnyoofu una urefu wa milimita 40 hivi.

Misuli ya mshazari ni miwili, na ndiyo yenye vituko. Wa juu huanzia nje kidogo ya pete, juu yake upande wa pua, ukaenda mbele mpaka kwenye kapi dogo la gegedu lililo kona ya juu ya tundu. Kano yake hupita ndani ya kapi hilo, hugeuka nyuma na kwenda kushika jicho chini ya msuli mnyoofu wa juu. Wa chini ndio pekee kati ya sita unaoanzia mbele: hutoka kwenye sakafu ya tundu, juu ya mfupa wa taya, jirani na njia ya machozi, hupita chini ya msuli mnyoofu wa chini na kushika nyuma ya jicho upande wa nje. Karibu hauna kano. Nyama yake inafika moja kwa moja kwenye sklera, yaani ganda jeupe la jicho.

Kinyanyua kope hulala juu ya msuli mnyoofu wa juu, na hilo si jambo la bahati. Kwenye kiinitete viwili hivyo hutoka kwenye fungu moja, kinyanyua kope kikajitenga baadaye. Ndiyo maana hushirikiana neva, na ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na msuli mnyoofu wa juu dhaifu mara nyingi huwa na kope lililolegea pia.

Neva zenyewe: neva ya sita ya kichwa huendesha msuli mnyoofu wa nje, ya nne huendesha mshazari wa juu, na ya tatu huendesha yote iliyobaki. Tawi la juu la neva ya tatu huenda kwa msuli mnyoofu wa juu na kinyanyua kope. Tawi la chini huenda kwa msuli wa ndani, wa chini na mshazari wa chini. Ukilisahau lolote katika haya, rudi ulisome kabla hujashika kisu.

2. Andaa vifaa na jicho lenyewe

Unahitaji vibano viwili vyenye ncha nyembamba, mkasi mdogo wenye ncha butu, patasi nyembamba na nyundo ndogo, kalipa inayosoma angalau nusu milimita, nyuzi za rangi tofauti, sirinji yenye sindano nyembamba, na lenzi ya kukuza. Darubini ya kupasulia ikiwapo, afadhali zaidi, maana vipande vya ziada huwa vyembamba kuliko uzi wa kushonea.

Jicho la maiti hunywea. Ukipima umbali wowote juu ya jicho lililonywea, namba zako zote zitakuwa za uongo. Ukifika wakati wa kupima, lijaze maji ya chumvi kwa sindano iliyoingizwa nyuma, kando ya neva ya kuona, mpaka lirudi kuwa mviringo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, basi hapo una kipimo cha kujua umejaza vya kutosha. Kumbuka pia kwamba formalini hukausha na kufupisha nyama. Vipimo vya mwili uliohifadhiwa vilinganishwe na vya miili iliyohifadhiwa vivyo hivyo, si na vya chumba cha upasuaji.

Picha zote zipigwe kwa ruhusa iliyotolewa na taasisi na kwa namna ambayo uso hautambuliki. Hilo halina mjadala.

3. Kagua kwa nje kabla ya kukata chochote

Tazama kope zote mbili. Je, moja limeshuka? Je, mkunjo wa kope la juu upo, na uko juu kiasi gani? Mkunjo huo hutokea pale nyuzi za kano ya kinyanyua kope zinaposhika ngozi, na urefu wake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Wapo wasio nao kabisa, hasa miongoni mwa watu wa asili ya Asia ya Mashariki, na hawana ugonjwa wowote. Misuli ya juujuu ya uso, yaani ule unaozunguka jicho na ile inayokunja nyusi, hutofautiana pia kwa unene na kwa jinsi inavyochanganyika na jirani zake, ila sitakaa hapo.

Kisha tafuta alama za upasuaji wa zamani. Hatua hii hupuuzwa, nayo ndiyo inayookoa aibu. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa makengeza utotoni anaweza kuwa na msuli uliorudishwa nyuma milimita kadhaa, na ukiupima utadhani umegundua maajabu. Inua taratibu utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Ukiona makovu, nyuzi za kushonea, au mkanda wa silikoni unaozunguka jicho (huwekwa kutibu retina iliyobanduka), andika na usilihesabu jicho hilo miongoni mwa tofauti za kuzaliwa.

4. Fungua paa la tundu

Njia ya juu ndiyo ninayoipendekeza, maana inakuonyesha misuli na neva kwa mpangilio wake. Ubongo ukishatolewa, bandua utando mgumu kwenye sakafu ya mbele ya fuvu. Chini yake kuna bamba la mfupa wa paji ambalo katikati yake ni jembamba kama ganda la yai. Ligonge kwa mpini wa patasi, si kwa makali. Likishapasuka, ondoa vipande kimoja kimoja kwa kibano.

Upande wa pua nenda kwa tahadhari, kwa kuwa utaangukia kwenye vyumba vya hewa vya sinasi. Uwazi wa sinasi ya paji unaweza kusambaa mbali juu ya tundu, na mwanafunzi mgeni hudhani ameshaingia ndani ya tundu kumbe bado yuko kwenye sinasi. Nyuma, fungua mpaka ufikie ufa wa juu wa tundu na mfereji wa neva ya kuona.

Sasa mbele yako kuna utando mzima unaofunika yaliyomo. Uchane kwa urefu, kutoka nyuma kuja mbele, kwa ncha ya mkasi iliyoinuliwa juu. Usichimbe. Neva ya nne inapita mara tu chini ya utando huu, nyuma upande wa pua, ikikatiza juu ya kinyanyua kope kwenda kwa mshazari wa juu. Ni nyembamba kuliko zote, na ukiichana hapa umekwisha kupoteza shahidi wako mkuu wa upande ule. Ukiiona, ifunge uzi wa rangi papo hapo bila kuivuta.

5. Tabaka la juu: hapa ndipo vipande vya ziada vinapojificha

Ondoa shahamu kwa vibano viwili, donge dogo kwa donge dogo. Kibano kimoja kinashika, kingine kinachomoa. Mkasi uweke kando. Shahamu ya tundu la jicho imefumwa kwa nyuzi za tishu unganishi, na nyuzi hizo ukizivuta kwa pupa zinakusanyika na kufanana na msuli. Kipande cha kweli cha msuli kina rangi ya nyama, kina mistari inayoelekea upande mmoja, na kina chimbuko (mahali kinapoanzia) na mshiko (mahali kinaposhika) unavyoweza kuvionyesha kwa ncha ya kibano. Kisichokuwa na hivyo viwili, kiite tishu unganishi na uendelee. Ukibaki na mashaka, kata kipande kidogo kipelekwe kuangaliwa kwa hadubini. Mistari ya nyuzi za msuli haijifichi huko.

Tembea kwanza kwenye kingo za kinyanyua kope. Kinaweza kutoa kitawi cha upande wa pua kinachokwenda kwenye kapi, au cha upande wa nje kinachoelekea tezi ya machozi. Kisha fuata mshazari wa juu kuanzia nyuma. Wapo watu wenye msuli mwembamba sana unaoandamana nao kwa juu, unaoanzia jirani na chimbuko lake na kuishia kwenye kapi au kwenye tishu zinazolizunguka. Kipande cha nadra zaidi ni ukanda unaokatiza tundu kwa upana, kutoka ukuta wa pua kwenda ukuta wa nje, ukipita juu ya jicho. Ulielezwa katika karne ya 19 na Bochdalek, mwanaanatomia wa Prague.

Sasa tuseme umepata uzi wa nyama upande wa pua, kati ya kinyanyua kope na mshazari wa juu, unaoishia kwenye kapi. Ni wa nani? Kwa kuutazama tu huwezi kujua, maana majirani wote wawili wana haki ya kuudai. Ushike kwa kibano butu, uugeuze kidogo, utafute nyuzi nyeupe inayoingia ndani yake, uifuate kurudi nyuma. Ikikupeleka kwenye neva ya nne iliyofungwa uzi wako, kipande hicho ni mtoto wa mshazari wa juu. Ikikupeleka kwenye tawi la juu la neva ya tatu, ni cha kinyanyua kope, hata kama kimelala ubavuni mwa mwenzake. Usipoona neva yoyote, andika kwamba neva haikuonekana. Usikisie.

Kagua na kapi lenyewe. Pitisha kano mbele na nyuma taratibu uone kama inateleza. Kano iliyokwama hapo ndiyo inayoleta hali iliyoelezwa na Harold Brown mwaka 1950, ambapo jicho linashindwa kuinuka hasa linapoelekea puani.

6. Kata viwili vya juu, uingie ndani ya koni

Kata kinyanyua kope katikati ya urefu wake, uvigeuze vipande mbele na nyuma. Fanya vivyo hivyo kwa msuli mnyoofu wa juu, lakini kabla ya kukigeuza kipande cha nyuma chungulia uso wake wa chini. Tawi la juu la neva ya tatu linaingia hapo. Kulifikia kinyanyua kope, tawi hilo kwa watu wengine hupenya ndani ya msuli mnyoofu wa juu, kwa wengine huzunguka ukingo wake wa upande wa pua. Tofauti hii ni ya kawaida kiasi kwamba inafaa iandikwe kwa kila jicho, wala haihitaji msisimko.

Ndani ya koni, yaani nafasi iliyozungukwa na misuli minyoofu, utaiona neva ya kuona, na ateri ya jicho ikiikatiza. Mara nyingi ateri hupita juu ya neva. Kwa watu wachache hupita chini. Andika pia.

Baada ya hapo tafuta ukanda wowote wa nyama ulio kati ya neva ya kuona na misuli minyoofu. Wanyama kama ng'ombe na paka wana msuli kamili mahali hapo, unaolivuta jicho ndani ili kope lao la tatu lipite mbele yake. Sisi hatuna, ila mara chache mabaki yake huonekana kwa binadamu kama kamba moja au mbili zinazotoka kwenye pete au kwenye msuli jirani na kushika nyuma ya jicho. Kumeripotiwa pia daraja la nyama linalounganisha msuli mnyoofu wa juu na wa chini, likipita kando ya neva ya kuona upande wa nje. Kwa wanyama msuli ule huendeshwa hasa na neva ya sita. Usichukue hilo kuwa jibu la swali lako kwa binadamu aliye mezani; fuata neva yake mwenyewe.

Kuwa mwangalifu na donge dogo la neva lililo kati ya neva ya kuona na msuli wa nje, sentimita moja hivi kutoka nyuma ya tundu. Ni kituo cha neva za mboni. Wengi hulivuta pamoja na shahamu.

7. Msuli wa nje na neva ya sita

Msuli wa nje ukiukuta na vichwa viwili kwenye chimbuko lake, tulia. Kichwa kimoja kwenye pete na kingine kwenye bawa kubwa la mfupa wa sfenoidi ni mpangilio unaojulikana tangu zamani.

Kinachostahili muda wako hapa ni neva. Neva ya sita huingia kwenye uso wa ndani wa msuli, nyuma ya katikati yake. Inaweza kuwa mbili badala ya moja katika sehemu ya safari yake, kisha zikaungana. Na inaweza kukosekana kabisa. Ikikosekana, msuli wa nje mara nyingi hupokea tawi kutoka neva ya tatu, ileile inayoendesha msuli wa ndani. Tazama maana yake: amri moja inafika kwa misuli miwili inayovutana, yote inakaza pamoja, jicho linazama ndani na uwazi wa kope unapungua. Hiyo ndiyo hali ya Duane, iliyopewa jina la Alexander Duane aliyeielezea mwaka 1905. Huonekana zaidi kwenye jicho la kushoto na zaidi kwa wanawake. Mtu anayekata neva ili aone msuli vizuri ataliangalia jicho kama hilo na kuandika "msuli wa nje: kawaida". Na kweli, nyama yenyewe inaweza kuonekana ya kawaida tu.

8. Mshazari wa chini

Uufikie kutoka mbele: kata kope la chini, ondoa shahamu ya sakafu, utauona ukitoka kwenye mfupa kona ya chini ya upande wa pua. Pitisha ndoano butu chini yake na uhesabu mafungu ya nyama kabla hujausafisha. Unaweza kuwa na fungu moja, au mawili yanayoachana njiani na kushika jicho mahali tofauti.

Usione ni jambo dogo. Mpasuaji anayepunguza nguvu ya msuli huu kwa mgonjwa wa makengeza akishika fungu moja na kuliacha la pili, jicho litaendelea kupanda juu vilevile, naye atatafuta sababu kila mahali isipokuwa pale. Kwa hiyo baada ya kuupata msuli, pitisha ndoano tena nyuma yake. Mezani ni zoezi zuri la kujenga mkono.

Mshiko wake uko nyuma, karibu na eneo la retina linalotumika kusomea. Pima umbali kutoka ukingo wa chini wa msuli wa nje, na upana wa mshiko. Vyote viwili vinabadilika sana kati ya jicho na jicho.

9. Pima mishiko

Jaza jicho sasa kama hukufanya hivyo. Ondoa ala ya Tenon, yaani tishu nyembamba inayolizunguka jicho, mpaka sklera ionekane, ila usikwangue: nyuma tu ya mishiko ya misuli minyoofu sklera ina unene wa milimita 0.3 hivi, na kisu kinapita bila kukuaga.

Pima kutoka ukingo wa konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, hadi katikati ya mshiko. Wastani unaotajwa na vitabu ni milimita 5.5 kwa msuli wa ndani, 6.5 kwa wa chini, 6.9 kwa wa nje na 7.7 kwa wa juu. Ukiunganisha namba hizo kwa mstari unapata mzunguko unaopanuka, unaojulikana kwa jina la Tillaux, mpasuaji Mfaransa wa karne ya 19. Ni wastani tu. Kupishana kwa milimita moja ni jambo la kila siku na halistahili kuitwa ugunduzi.

Mstari wa mshiko mara nyingi ni upinde, ncha zake zikiwa nyuma kuliko katikati yake. Kwa hiyo chukua vipimo vitatu: katikati, ncha moja, ncha nyingine. Upana wa kawaida ni milimita 10 hivi. Angalia pia kama kuna nyuzi za mguu zinazoshika nyuma ya mshiko mkuu; zikikatwa nusu, msuli haujaachia.

Kano ya mshazari wa juu ndiyo yenye tofauti nyingi kuliko zote. Hufunguka kama kipepeo chini ya msuli mnyoofu wa juu, na upana wake, mwelekeo wake na umbali wake haviko sawa hata kwa macho mawili ya mtu mmoja. Inaweza kuwa ndefu na legevu, kushika ala ya Tenon badala ya sklera, au isiwepo. Kutokuwepo kwa misuli, huu na hata mingine, huripotiwa zaidi kwa watu waliozaliwa na maungio ya fuvu yaliyofunga mapema, kama katika hali za Crouzon na Apert. Ukikuta msuli umekosekana, tazama fuvu lote.

10. Hakiki, kisha andika

Kabla ya kuita mtu aje aone, jiulize kama umepasua msuli mmoja ukawa miwili. Kingo za mpasuko wa kisu ni kali na hazina utando. Mgawanyiko wa kuzaliwa una ala inayofunika kila upande. Fungua jicho la pili la mwili huohuo kwa hatua zilezile, maana tofauti inayojirudia pande zote mbili ina uzito kuliko ya upande mmoja.

Andika upande, umri na jinsia, chimbuko, njia, mshiko, urefu, upana, na neva iliyoonekana ikiingia na mahali ilipoingilia. Piga picha yenye rula ndani yake, moja kabla ya kuondoa kitu na nyingine baada. Jina la kipande liweke mwisho. Waliotangulia walivipa vitu hivi majina mengi ya Kilatini, mengine yakitaja kitu kilekile, na ukianza na jina utajikuta unaona kile jina linachotaka.

11. Ukiwa na mgonjwa badala ya maiti

Hapa huna neva ya kufuata kwa kibano, una mwendo wa jicho na picha. Mwambie afuate kidole kwa njia ya herufi H, uangalie kila jicho linasimama wapi. Angalia kama anainamisha kichwa kila mara upande mmoja. Picha zake za utotoni zikionyesha mwinamo uleule, tatizo si la juzi. Mpe mtoto kitu cha kunyonya au kutafuna: kope likipanda na kushuka kwa kufuata taya, basi kinyanyua kope kinapokea nyuzi za neva ya kutafunia, jambo alilolieleza Robert Marcus Gunn mwaka 1883.

Katika MRI omba picha zilizokatwa kutoka sikio hadi sikio, yaani zinazolitazama tundu kwa mbele, na ulinganishe kulia na kushoto kwenye kina kilekile. Mshazari wa juu mdogo kupita kiasi upande mmoja huonekana vizuri hapo. Jihadhari na vinavyofanana na tofauti za kuzaliwa: ugonjwa wa macho unaohusiana na tezi ya thairoidi hunenepesha misuli, hasa wa chini na wa ndani, huku kano ikibaki nyembamba, na kwa mtu mwenye jicho refu sana la kutoona mbali, msuli wa nje unaweza kuteleza kwenda chini na wa juu kusogea puani, mambo yaliyokuja ukubwani.

Mgonjwa akienda kupasuliwa, taarifa yako iseme pia kuhusu mishipa ya damu. Kwa kawaida ateri saba huja mbele ya jicho zikiwa zimelala juu ya misuli minyoofu: mbili kwa kila msuli, isipokuwa wa nje wenye moja. Idadi hii nayo hubadilika. Zihesabu kwenye kila msuli kabla haujakatwa, na misuli minyoofu mitatu ya jicho moja isikatwe kwa mkupuo bila sababu nzito, kwa kuwa sehemu ya mbele ya jicho inaweza kukosa damu.